Balbu Moja ya Jikoni

Kaka yangu Ladislaus alipanga kukarabati nyumba yake misimu na misimu ya kahawa, na kila msimu alikuja na mpango mpya. Mara atavunja ukuta wa baraza, mara atageuza mlango utazame barabara ya Mbinga, mara atapaka rangi ya maziwa. Nyumba ilisikiliza yote na kubaki ilivyo. Umeme ulipofika kwetu Mkumbi ndipo alipoacha maneno. Alikwenda mjini, akarudi na fundi anayeitwa Methodi, akamkalisha sebuleni na kumwambia anataka taa.

Mimi ni mdogo wake, na nyumba yangu inatazamana na yake. Haya sikusimuliwa na mtu.

Mke wake, wifi yangu Gertruda, alikuwa na ombi moja tu. Ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Mchana anaona, lakini jua likishaingia nyuma ya mlima, basi, anapapasa. Hospitali wamempangia upasuaji baada ya mavuno. Na msimu wa kuchuma kahawa mchana kutwa tuko shambani, kwa hiyo kuchambua maharage na kupika ni kazi ya jioni. Jiko lake, kama majiko yetu mengi, ni kibanda nyuma ya nyumba, kuta nyeusi kwa moshi, na kidirisha cha kumtosha paka. Akamwambia fundi, "Mwanangu, nami niwekee balbu moja kule jikoni."

Methodi akamtazama kaka. Kaka akacheka kidogo.

"Jiko si nyumba, Mama Beata. Balbu itajaa masizi kabla hujaizoea. Halafu utapika mpaka lini na macho hayo? Nimeongea na watu wa Kingerikiti, watatuletea msichana. Yeye apike, wewe upumzike sebuleni."

"Nikishapumzika sebuleni," Gertruda akauliza, "nitakuwa nani?"

Kaka akamgeukia fundi. Roho iliniuma, maana nilimwelewa. Mama yule amelisha nyumba ile tangu alipoolewa. Haimbi kwaya, hana duka, si kiongozi wa jumuiya. Watu wanamjua kwa chungu chake. Kumtoa jikoni ni kumwambia akae kwenye kochi asubiri kufa, na nikamwambia kaka hivyo hivyo. Akasema wanawake tunapenda kukuza mambo.

Taa zikawekwa. Sebule ilipata vigae sakafuni na dari ya jipsamu yenye maua. Katikati ikaning'inizwa taa ya matawi matano, iliyopanda bodaboda kutoka mjini ikiwa imepakatwa na kaka mwenyewe kama mtoto anayepelekwa kliniki. Pembeni mwa dari zikazungushwa taa ndogo za kubadilika rangi, nyekundu, bluu, kijani, kwa ajili ya nini sijaambiwa hadi leo. Choo kilipata balbu. Banda la nguruwe lilipata balbu, kwa sababu ya wezi. Jiko likabaki na kibatari chake.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," kaka alisema, akiwasha na kuzima. "Mgeni akija sasa, ataona."

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Lakini sikulisema hilo, nilikuwa nimeshasema ya kutosha.

Sasa, sisi Wamatengo tuna sengu. Wanaume wa ukoo wanakula pamoja kwa mkubwa wao, na mashauri ya ukoo yanaamuliwa hapo hapo, mbele ya ugali. Nyumba nyingi zimeacha. Kaka hajaacha, na kila Jumapili jioni wadogo zetu Tadei na Nicholaus huja kula chakula cha Gertruda. Walikila kwa mwanga wa kibatari, na hawakuacha kukisifu.

Jumapili ya kwanza baada ya fundi kuondoka, walikula chini ya yale matawi matano. Shauri la siku hiyo lilikuwa msichana wa Kingerikiti. Mimi nilikuwa nimewapelekea maji ya kunawa. Wakanawa, wakamega, wakachovya. Halafu mikono yote ikasimama njiani.

Kwenye maharage mlikuwa na vijiwe. Mlikuwa na wadudu, wamelala kwa amani. Kwenye ugali mlikuwa na kipande cha mkaa na uzi wa gunia. Taa kubwa ilionyesha kila kitu, na zile ndogo zikakipaka rangi nyekundu, halafu bluu, halafu kijani.

Tadei akasema taratibu, "Kaka, siku zote tulikuwa tunakula hivi?"

"Kula," kaka akasema.

"Nauliza tu."

"Mbona ulikuwa unasifu?"

"Nilikuwa sioni."

Gertruda alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la mboga. Alisikia yote. Nilitamani ardhi inimeze kwa niaba yake. Akaliweka bakuli chini, akatoka, nami nikajua amekwenda kulia. Akarudi na ungo wa maharage ya kesho. Akaketi kwenye vigae vipya, chini kabisa ya ile taa, katikati ya wanaume, akaanza kuchambua.

"Mama Beata, tuna kikao," kaka akasema.

"Endeleeni. Hapa naona."

Hakikuendelea. Mwanamke haketi kwenye sengu, lakini hakuna mwanamume pale aliyejua namna ya kumwondoa. Kesho yake alikuja kukatia mboga sebuleni. Kesho kutwa akaingiza jiko la mkaa. Kabla wiki haijaisha, dari ya jipsamu ilikuwa imeanza kubadilika rangi bila msaada wa taa, na Methodi akapigiwa simu.

"Shikamoo mama," alisema alipofika.

"Marahaba. Njia ya jikoni unaijua?"

Jioni kaka alikwenda mwenyewe kuwasha balbu ya jikoni, maana swichi zote za nyumba ile lazima awe wa kwanza kuzibonyeza. Sidhani kama alikuwa ameingia mle tangu walipooana. Akatazama kuta, akatazama mafiga. Kwetu ni baridi na Gertruda havui sweta, ila mbele ya moto huikunja mikono ya sweta. Alikuwa anaepua chungu. Kuanzia viganja mpaka viwiko alikuwa na makovu ya moto, mengine yamepauka, mengine bado mabichi.

Kaka akamshika mkono. "Hili la lini?"

"La Pasaka."

"Na hili?"

"La kipaimara cha mjukuu wako."

"Na hili?"

"La Jumapili ile ya taa."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nilisema," Gertruda akajibu. "Nilisema balbu."

Kaka akatoka nje na simu yake. Nilimsikia akiwaambia watu wa Kingerikiti kwamba msichana abaki tu kwao. Sauti yake haikuwa sawa, nami siku hiyo sikumtania.