Jina la Kwanza Kwenye Orodha

Watu wa uhifadhi siwapendi, na sitajisumbua kuficha. Walikuja kwetu, upande wa Bomet ambako mashamba ya chai yanakomea msituni, wakatuambia msitu ni mali yetu sote. Kisha wakauzungushia ua wa nyaya za stima na kusimika langoni kibao kilichojaa nembo za wafadhili. Jina la kijiji chetu halikuwepo. Mali yetu, lakini ukigusa waya unarushwa.

Ndani ya ua huo kuna ng'eny, mahali penye udongo wa chumvi ambao ng'ombe huulamba. Mama alikuwa akiwapeleka ng'ombe wake pale mara moja kwa wiki tangu aolewe, na hajawahi kukata hata kijiti. Lango lilipofungwa alinunua chumvi ya duka. Ng'ombe waliinusa wakageuza shingo, na maziwa yakapungua wiki baada ya wiki. Mwishowe akaniambia nimpeleke ofisini Bomet, akaombe ruhusa ya siku moja tu kwa wiki.

Afisa tuliyemkuta alikuwa na adabu ya kukera. Alimsikiliza mama hadi mwisho huku akitabasamu, kisha akafungua faili.

"Lakini Mama, si nyinyi mlikubali? Jina yako ndiyo hii, ya kwanza kabisa. Na sahihi."

Niliijua karatasi ile, maana niliijaza mimi. Siku watu wa uhifadhi walipofanya mkutano kanisani, waliomba mtu mwenye mwandiko mzuri awaandike waliohudhuria, nami mwalimu mzima nikajitokeza kifua mbele. Mama hakuja, alikuwa na ng'ombe anayezaa. Nikamtanguliza kwa heshima, nikamtilia sahihi, nikanywa na soda yake. Kwetu hivyo ndivyo tunavyoandika mahudhurio, asiyekuwepo anaandikwa na wake. Lakini juu ya karatasi palikuwa na mstari wa herufi ndogo uliosema kwamba waliotia sahihi wameridhia msitu ufungwe. Mimi, ninayewachapa watoto wa watu kwa maneno kila siku kwa kutosoma maagizo ya mtihani, sikuusoma.

Mama aliinama juu ya faili.

"Mimi hapana jua kuandika," akasema. "Hii mkono ni ya nani?"

Afisa akanitazama. Ningesema ukweli, orodha yote ingetiliwa shaka, na pengine lango lingefunguliwa. Ningesema ukweli, vilevile, habari ingefika shuleni kwamba mwalimu ameghushi sahihi, na kazi ingeenda. Niliwachukia wote mle ndani, faili, afisa na tabasamu lake, lakini aliyekuwa na la kusema ni mimi.

"Mama, umesahau," nikasema. "Ulishika kalamu, mimi nikakuongoza mkono."

Mama aliniangalia. Halafu akamgeukia afisa, akamwomba radhi kwa kusahau.