Bega Lililopona Kabla Sijasema

Watu wa Majengo pale Thika walisema nina mkono mzuri na mdomo mbaya. Hawakukosea. Nilikanda viuno, migongo, vifundo vya miguu vilivyoteguka, na aliyelia sana nilimwambia anyamaze, sikumwangusha mimi. Mume wangu alikuwa amekufa, na mtoto sikujaliwa. Mtu akishavaa nguo zake akaenda, chumbani tulibaki mimi na harufu ya mafuta ya simsim. Nilikuwa mpweke, basi. Sina haja ya kuzungusha maneno.

Miaka hiyo ya hali ya hatari iliyotangazwa na mkoloni, Mkikuyu hakutoka shambani bila pasi, karatasi ya ruhusa ya kusafiri. Jumamosi moja nikaletewa mwanamke kijana, mchuma kahawa wa shamba moja karibu na Ruiru, juu ya lori lililokuja mjini kuchukua unga wa posho. Alikuwa ameteleza kwenye ngazi akichuma, bega likatoka. Nililirudisha mahali pake, akapiga yowe akimwita Mungu kwa lugha yao, "Ngai!" mpaka jirani akaja kuchungulia. Nikamfunga mkono kwa kitambaa, nikampa sharti ninalompa kila mtu wa bega: kitambaa kitatoka baada ya wiki tatu, lakini asibebe kitu chochote kizito mpaka mimi mwenyewe niseme limepona.

"Hata mtoto?" akauliza.

"Huyo ndiye kabisa."

Alikuwa na mtoto wa kiume wa mwaka na kitu, ndiyo kwanza ameachishwa ziwa. Ikabidi abebwe na wifi ya mama yake, msichana waliyekaa naye nyumba moja kule shambani. Nyapara wa shamba akamtafutia mgonjwa wangu pasi ya kuja kwangu kila Jumamosi, na wakati lori linapakiwa, mimi namkanda.

Huyo dada alijua kuongea! Mtoto ameota jino. Mtoto amemwaga maziwa ya jirani. Mtoto amesimama mwenyewe, ameshika ukuta, amejicheka. Hakuna mtu aliyewahi kuja kwangu na habari kama hizo. Wengine waliniletea maumivu yao tu. Ikawa tangu Alhamisi nachambua mchele, Ijumaa natafuta maziwa ya chai. Na kila akiketi aliniuliza kwanza, "Mama, leo je? Naweza kumbeba?"

Wiki ya saba vidole vyangu vikajua. Bega limekaa imara, nyama imelainika, nikiuzungusha mkono hakuna kinachokwaruza. Akauliza, "Leo je?"

"Bado kidogo," nikasema.

Astaghfirullah! Uongo ule ulinitoka kama kumwambia mtu karibu chai. Lakini nilijua nikimruhusu, pasi imekwisha, na Jumamosi lori litakuja bila yeye. Nikajiambia ni wiki moja tu. Zikawa tano, na kila Jumamosi aliniamini.

Jumamosi ya tano ya uongo huo akaingia anacheka. "Mama, hebu sikia! Huyu mjinga siku hizi anamwita wifi yangu maitu!" Maitu ni mama, kwa Kikuyu. Akacheka tena, halafu mgongo wake ukakakamaa chini ya mikono yangu. Hapo hapo ilinipasa kusema ukweli. Nilichosema ni, "Jumamosi ijayo mlete, umbebe hapa nikiona." Yaani hata hapo nilijiongezea wiki. Roho gani hiyo, jamani!

Wakaja watatu. Wifi alikuwa msichana mpole tu, mtoto mgongoni, amelaza shavu. Nikauzungusha ule mkono mara ya mwisho, nikatangaza kwa sauti ya fundi mkubwa, "Limepona. Mbebe."

Akanyoosha mikono yote miwili. Mtoto akamtazama, akageuza uso, akang'ang'ania nguo ya wifi. Mama yake alipomchukua alirusha mateke, akalia, mikono ameielekeza kwa yule msichana, "Maitu! Maitu!" Wifi akainamisha kichwa, aibu imemjaa kama kwamba kosa ni lake. Mama yake akambembeleza, akamrusharusha, akamwimbia kidogo. Kilio kikazidi. Mwishowe akamrudisha, na mtoto akanyamaza mara moja.

Nje lori likapiga honi. Nilitaka kumwambia. Mdomo huu, uliokuwa unatukana Majengo nzima bila kuchoka, ukakataa kufunguka.

Mama mtoto akauinua mkono wake hadi juu ya kichwa, akaushusha, akauinua tena. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta.

"Hauumi hata kidogo, mama," akaniambia. "Umenisaidia sana. Mungu akubariki kwa kazi yako."

Nikaitikia, "Amina."