Fundi Cherehani wa Jumatano

Kila Jumatano fundi cherehani huja getini kwetu gerezani, tepu ya kupimia shingoni, kumwombea bintiye aliyefungwa kwa kuiba pikipiki. Kuomba mikono mitupu hajui. "Afande, mhurumieni, ni utoto tu," anasema, tayari keshanishika shati, anashona mfuko uliofumuka. Askari wote hapa tumeshonwa tukiwa wima, na jibu letu ni lile lile: "Andika barua, mzee." Ya mwisho aliiandika nyuma ya karatasi ya vipimo vya suruali ya mteja. Jana binti alitoka kumwona, gauni la wafungwa likimpwaya kama hema. Nikalegea. "Mzee, libane kidogo, nakuruhusu." Akatoa sindano, akamtazama mwanawe kiunoni, kisha akaichomeka tena kwenye ukosi wake. "Ya nini, afande? Hatakaa nalo."