Fisi wa Limi

"Wewe Limi, umesoma mpaka chuo kikuu halafu umerudi kuchunga fisi?"

Mama Januari alimwuliza hivyo pale bombani, ndoo kichwani, na sisi wengine tukacheka. Limi hakukasirika. Alisema, "Ng'ombe wana wachungaji wengi, mama. Fisi hawana hata mmoja."

Limi Masele amezaliwa hapa hapa kwetu, upande wa Songwa. Anafanya utafiti wa shahada ya pili, mambo ya nchi na wanyama: mnyama gani anaishi wapi, na kwa nini akae pale asikae hapa. Yeye anataka kujua fisi wanapita wapi, maana vichaka vimebaki vipande vipande kati ya mashamba na mashimo ya almasi. Kwa hiyo alifunga kamera ndogo kwenye miti ya ngitili, yale malisho tunayoyafunga masika yote ili ng'ombe wapate majani kiangazi. Mnyama akipita, kamera inapiga picha yenyewe. Chuo kilimwambia wazi: apate picha za kiangazi kizima, la sivyo nafasi yake anapewa mwingine.

Sasa kwetu fisi si mnyama tu. Watu husema ana mwenyewe, na mwenyewe ni mchawi. Ndama wa mzee Bujiku alipoliwa, watu wakasema kamera zimemkasirisha huyo mwenyewe; kamera mbili ziling'olewa zikatupwa mlangoni kwa Limi. Mwalimu wake wa chuo akampigia simu kwa huruma, akamshauri ahamie hifadhini, huko hakuna wa kumsumbua. Limi akamjibu, "Wa hifadhini wana watu wa kuwasoma. Hawa wa kwetu wanasingiziwa tu."

Alikuwa na sababu. Bibi yake, Zipora, alikuwa na macho mekundu kwa moshi wa samadi kavu, ndiyo tuliyopikia wote kuni zilipokwisha. Kwa macho hayo akaitwa mchawi, akasingiziwa kufuga fisi, akafukuzwa, akafia Chato kwa watu baki. Mwanamke aliyesali rozari kila jioni. Mungu anajua.

Basi dagashida ikaitwa, mkutano wetu wa kijiji. Mzee Bujiku akasimama. "Ng'wanawane, mwanangu, ondoa vitu vyako au uondoke navyo. Fisi ana mwenyewe."

"Shikamoo babu," Limi akasema.

"Marahaba."

"Mwenyewe ni nani? Mtaje."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Amtaje ili kesho asiamke?" Watu wakacheka, ila macho yao yalikwenda kwa Serafina, mjane anayeishi jirani na ngitili. Nilimwona akivuta kanga usoni.

Limi naye aliona. Akapita katikati ya wanaume, akasimama mbele ya yule mjane.

"Basi nitajeni mimi," akasema. "Kuanzia leo fisi wote wa ngitili hii ni wa Limi, mjukuu wa Zipora. Mkimtaka mchawi, nyumba yangu mnaijua. Sihami."

"Huogopi?" mzee akauliza, sauti imeshuka.

"Naogopa, babu. Lakini sihami."

Mzee Bujiku alikaa, akaegemea fimbo yake. Alimtazama Serafina, akamtazama Limi.

"Haya, mwenye fisi," akasema. "Unataka nini kwetu?"

"Naomba kamera zangu zikae ngitilini mpaka mvua za kwanza. Na ng'ombe akiliwa, mniite mimi niangalie nyayo kabla hamjamwita mganga."