Mjane wa Ikonge na Kikao cha Wazee

Nilikuwa Nyamache siku ya soko, nikichagua mkungu wa ndizi, binti wa rafiki yangu aliponipigia simu. "Mzee, mama ametuacha," akasema. Niliurudisha mkungu chini nikaondoka mikono mitupu. Marehemu alikuwa mwalimu wa historia aliyestaafu, mjane mwenye kishamba cha chai kule Ikonge, na katika wasomaji wa safu hii hakuna aliyenikosoa kwa upendo kama yeye.

Tulibishana kwa miaka juu ya jambo moja. Niliwahi kuandika hapa kwamba Wagusii tulipungukiwa kwa kutokuwa na mfalme, kwamba watu waliotawaliwa na mkuu mmoja walijifunza mapema kujenga kwa pamoja. Alikasirika. "Toka nje utazame," akaniambia. "Kila mlima ulijitawala kwa kikao cha wazee wa ukoo, na hapakuwa na mtu wa kuamua peke yake. Ndiyo maana leo kila boma lina chai yake. Umewahi kuona hapa bwana mmoja mwenye mlima mzima?" Nikamjibu kwamba ndiyo maana pia kila boma lina kesi ya mpaka. Akacheka. "Hilo nalo ni kweli."

Siku moja imani yake ilijaribiwa. Barabara ya kwenda kituo cha kununulia majani ya chai ilikuwa nyembamba, na mvua ikinyesha lori lilikwama, majani yakaharibikia maguniani. Wazee wa ukoo wa marehemu mumewe wakakaa kujadili namna ya kuipanua. Shemeji yake, ndugu wa mumewe, alikwisha kukubali kwa niaba yake kwamba ardhi yote ya kuipanua ikatwe upande wa shamba la mjane. Rafiki yangu aliniomba nimsindikize kikaoni. Alipoinua mkono, mzee mmoja akamwambia kwa upole, "Mwalimu, maneno yako atayasema shemeji yako."

Akasimama hivyo hivyo. "Baba zangu, chai ile naichuma mimi. Barabara siikatai. Ninachokataa ni kuamuliwa nikiwa nimeketi hapa hapa. Tukate pande zote mbili."

Yule mzee akawatazama wenzake, akasema, "Desturi yetu ni kuzungumza mpaka tukubaliane. Basi na tuzungumze." Walizungumza hadi jua likapoa, na barabara ikakatwa pande zote mbili. Sasa lori hufika hata masika.

Lakini shemeji yake hakumsamehe. Wake wa ukoo waliokuwa wakisaidiana naye kuchuma wakapungua, mmoja mmoja. Siku za Sabato alirudi kutoka kanisani peke yake. Nilipomtembelea alinimiminia chai kabla kikombe hakijaisha, ili nisiage. "Nyumba imekuwa kubwa," akasema, akitazama dirishani.

Baada ya maziko wazee walikaa kuhusu shamba lile. Binti yake alibaki mlangoni, kama ilivyo desturi. Shemeji mwenyewe ndiye aliyesogea kwenye benchi kumpa nafasi. "Kaa, mama," akamwambia. "Useme."

Nilitamani rafiki yangu angeona. Utawala wa kale bado umo katika mashamba yetu na katika ugomvi wetu, na hutunufaisha kwa kadiri tunavyoupanua. Ila upana huo hulipiwa na mtu mmoja kwanza, naye hulipa kwa upweke. Tukimwona mtu wa namna hiyo kijijini, tumtembelee angali hai.