Mkaa na Vikombe Vitatu

Chuoni hakuna aliyemwita kwa jina la nyumbani. Tangu muhula wa kwanza, wenzake walipoona haachi kipande cha mkaa mkononi na kola za mashati yake zote zimekuwa nyeusi, walimbandika jina la Mkaa, nalo likamganda. Mwenyewe alilipenda. Mtu anayeitwa Mkaa haulizwi kwa nini hatumii rangi.

Ukweli ulikuwa mfupi, na ulimnyima raha miaka mitatu mizima. Kijana huyu alikuwa anasomea uchoraji, tena ili akafundishe uchoraji, na macho yake hayakuweza kutenganisha nyekundu, kijani na kahawia. Bluu aliiona. Njano aliiona vizuri kabisa. Hizo tatu nyingine kwake zilikuwa tope moja.

Aliyegundua mwanzo ni dada yake, fundi cherehani, aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Siku hiyo Mkaa alikuwa na miaka tisa, na dada amekaza macho kwenye pindo la gauni la mteja, akamwagiza uzi wa kijani. Akaleta wa kahawia. Dada akadhani anafanyiwa masihara, akamrudisha, naye akaja na mwekundu. Hapo dada akaondoa miguu kwenye cherehani, akaketi sakafuni, akampangia nyuzi zote mbele yake na kumuuliza mmoja mmoja. Walipofika mwisho, dada alikuwa amejishika kichwa.

"Usimwambie mtu," alisema. "Watasema huoni, watakutoa darasani. Ukitaka kujua rangi, niulize mimi."

Basi akawa anamuuliza yeye. Hata alipoingia chuoni, kila tyubu ya rangi ilipita kwanza mikononi mwa dada, akaikwaruza kifuniko kwa sindano: mkwaruzo mmoja nyekundu, miwili kijani, mitatu kahawia. Darasani Mkaa alivipapasa vifuniko kwa kidole gumba, kimya kimya, jicho la pembeni likichunga kama kuna anayemwona.

Na masomo yenyewe yalikuwa kama yamepangwa ili kumkomoa. Kila muhula mwanafunzi alitakiwa ajaribu mtindo mpya, achague mada, na aeleze kwenye daftari la majaribio kwa nini kachagua hiyo. Wenzake walihangaika kutafuta mtindo. Mkaa alihangaika kutafuta pa kujificha. Alianza na mkaa. Akahamia kwenye wino, mistari mitupu, mada yake nyaya za umeme zilizosokotana juu ya mitaa. Kisha akachonga mbao na kuchapa kwa wino mweusi mikono ya watu kazini, ukiwemo mkono wa dada yake ukisukuma kitambaa chini ya sindano. Ilipofika zamu ya rangi za mafuta na hakuna tena pa kukimbilia, alipaka kila kitu bluu: vyumba vya bluu, ngazi za bluu, viti visivyo na mtu. Mada akaiita Upweke. Mwalimu wao alisimama mbele ya picha zile mpaka machozi yakamlenga.

"Nyinyi mnapaka tu," aliwaambia wengine. "Huyu anatafuta."

Kila aliposifiwa, hofu ilizidi. Mwingine angevimba kichwa. Yeye aliona anapandishwa juu zaidi ili siku ya kuanguka aanguke vizuri zaidi.

Siku hiyo ilikuwa na tarehe. Mtihani wa mwisho ulikuwa mmoja tu: uso wa mtu aliyekaa mbele ya darasa, kwa rangi kamili, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana. Ukitumia rangi moja, sifuri. Ukipata sifuri huna cheti, na bila cheti hakuna shule itakayokupa darasa. Mkaa na dada yake walijiandaa wiki nzima. Dada alichanganya rangi ya ngozi huku Mkaa akikariri mikwaruzo: tatu nyingi, moja kidogo, nyeupe kiasi cha ncha ya brashi. Kufikia asubuhi ya mtihani angeweza kuisema hata akiamshwa usingizini.

Ndipo msimamizi wa stoo alipoingia na masinia.

"Tyubu zenu zote mziweke pale dirishani," alitangaza, na sauti yake ilijaa furaha ya mtu mwenye amri mpya. "Mwaka huu kila mtu anatumia rangi ya chuo. Isije ikasemwa fulani kafaulu kwa rangi ya bei mbaya."

Kila mmoja akapewa sinia lenye vikombe saba vilivyofanana, bila maandishi wala alama. Mkaa alitazama lake. Nyeupe, nyeusi, njano, bluu. Halafu vikombe vitatu vya tope. Akavikazia macho vitatu hivyo hata hakusikia walipoambiwa waanze.

Aliyekaa mbele yao alikuwa mama wa usafi, mwanamke mpana mwenye uso wa upole na mdomo usiojua kupumzika. Mara mbili mwalimu alimwomba anyamaze, na mara mbili alijibu kwamba amenyamaza. Mkaa akaanza kwa penseli, na kwa muda ule mkono wake ulijua kazi yake. Alipata taya, alipata kope nzito, alipata ule uchovu mdogo chini ya macho. Lakini penseli haiendi mpaka saa nane. Ilipofika saa tatu na nusu wote walikuwa wameshachovya brashi, na yeye bado anachonga penseli ambayo haikuhitaji kuchongwa.

Alichungulia sinia la jirani, kana kwamba tope la jirani lingekuwa na majibu. Alifikiria kuugua, na hilo halikuhitaji kuigiza sana. Mwisho akafumba macho, akachovya kikombe cha katikati, akapaka. Akiisha kupaka hakuwa na njia ya kujua alichopaka. Mwanga na giza aliviona vizuri kuliko yeyote mle ndani, na uso ukaanza kuinuka kwenye turubai, hai kabisa.

Saa tano kulikuwa na mapumziko. Msimamizi alipita akiwabadilishia masinia, vikombe vimejazwa upya na kupangwa anavyojua mwenyewe, na mama wa usafi akazunguka kujitazama kwenye picha. Wa kwanza alimwambia kampunguzia unene, Mungu ambariki. Wa pili alimwambia asirudie tena. Alipofika kwa Mkaa alisimama, akaweka mikono kiunoni.

"Mwanangu," alisema, "mbona umenipaka kijani? Nimeota ukungu?"

Darasa lilivunjika mbavu. Basi ndiyo leo, Mkaa alijiambia. Ndiyo hivi inavyokuwa.

"Mwache, mama, huyo ni Mkaa!" mmoja akasema kwa nyuma. "Anatafuta!"

Na mwalimu, kule pembeni, alikuwa anatabasamu. Mkaa akaelewa kwamba mlango umefunguka tena. Walidhani amekusudia. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu.

Mtahini aliyetoka chuo kingine, mzee mwembamba asiyecheka hovyo, alizisikia zile kelele na kuja. Aliitazama picha bila haraka.

"Kwa nini kijani?"

Uongo ulikuja wenyewe. Alikuwa ameuzoea miaka mitatu. "Mama huyu anafagia hapa kila siku na hakuna anayemwona," alisema. "Nimempa rangi ya majani yanayoota ukutani bila kupandwa na mtu."

Mwalimu alifumba macho kwa utamu wa maneno hayo. Mtahini aliitikia kwa kichwa taratibu.

"Vizuri. Shingo bado hujaifikia. Nichanganyie kijani hicho hicho hapa, nione unavyokipata."

Mkaa alinyanyua brashi. Sinia lilikuwa jipya. Vikombe vitatu vilimtazama, na mkono wake ukabaki hewani juu yavyo mpaka tone la mafuta likadondokea kiatu cha mtahini. Alihesabu: nafasi moja katika tatu. Akakosa hata nguvu ya kubahatisha.

"Sijui ni kipi," alisema.

"Hujui nini?"

"Kijani. Kati ya hivi vitatu sijui ni kipi. Sijawahi kujua."

Brashi za chumba kizima zilisimama. Mwalimu ndiye aliyeuliza, kwa sauti ndogo.

"Na zile picha za bluu?"

"Bluu naiona, mwalimu."

Mwalimu akaenda dirishani na kuwapa kisogo. Hilo lilimuuma Mkaa kuliko kicheko chochote.

Mtahini alirudi kwenye picha. "Macho umeyapata," alisema. "Uchovu umeupata. Ngozi hujaipata, na rangi ni nusu ya alama. Mimi siruhusiwi kukuonyesha, na wenzako pia hawaruhusiwi."

"Na mimi?" mama wa usafi akauliza akirudi kwenye kiti chake. "Mimi sifanyi mtihani."

Mtahini aliangalia saa yake. "Zimebaki saa mbili na nusu," alisema, akaenda kwenye turubai la jirani.

Hofu haikumwondoka Mkaa. Alijua kwamba ili amalize itabidi aulize mara kumi, mara ishirini, huku darasa zima likisikia. Akakohoa, akainua kikombe kimoja juu, mahali ambapo kila mtu angekiona.

"Mama, hiki kina rangi gani?"

"Nyekundu."

Akakiweka, akainua kingine.

"Na hiki?"

"Kahawia," alisema mama wa usafi. "Hiyo ndiyo yangu, mwanangu."