Ubao wa Kumi na Moja

Jumanne asubuhi nilipigiwa simu na mwana wa rafiki yangu mmoja mzee. "Ami, baba keshatutoka. Tunazika baada ya Alasiri." Amefariki, wasomaji wangu, muuza vifungo na nyuzi wa mwisho katika lile jengo la biashara la karne ya kumi na tisa pale Mji Mkongwe, jengo ambalo lilikarabatiwa mpaka likaisha. Nasema lilikarabatiwa kwa sababu ndivyo kilivyosema kibao kilichotundikwa mbele yake: "Ukarabati unaendelea." Uliendelea kweli. Uliendelea hadi kwenye msingi, na siku ya mwisho kilichokuwa bado kimesimama ni kibao chenyewe.

Tajiri wa karafuu aliyelijenga aliweka maghala chini na familia yake juu. Biashara ya karafuu ilipolegea, maghala yakakatwa maduka, na kila duka likapewa mlango wa mbao za kupachika, kumi na moja, zinazotolewa mojamoja asubuhi na kurudishwa mojamoja jioni. Kizingiti kilikuwa kimelika, kwa hivyo kila ubao ulikubali pahala pake tu. Marehemu alizitia nambari kwa tarakimu za Kigujarati, kama alivyofundishwa na baba yake. Siku moja mvua ilishuka ghafla, nikajitia hodari kumsaidia kufunga. Ubao wa kumi na moja ukakataa kuingia. Nikaokota jiwe niugonge.

"Weka jiwe chini, yakhe! Huo hauna kosa. Umekosea huko nyuma, umebadilisha wa nne na wa tano."

"Na mvua yote hii? Si tuugonge tu, utaingia."

"Toa zote."

Tukazitoa, tukaanza upya, tukarowa chapachapa. Alicheka yeye, mimi niliumwa mafua wiki nzima.

Ukarabati ulipokuja, aliahidiwa kwamba atarudi dukani kwake, na mlango wake huohuo. Akahamia kwa mwanawe Jang'ombe, akangoja. Haki yao nitawapa: mlango ulirudi. Hoteli iliyoota pahala pale imezipigilia misumari mbao kumi kwenye ukuta wa mapokezi, ziwe pambo. Wa kumi na moja haukuenea, wakamwita aje auchukue. Duka nalo, nadhani, bado linakarabatiwa.

Duka alishalikatia tamaa. Alichokuwa akiomba ni mbao zipangwe kwa nambari zake, na kila Ijumaa baada ya sala alipita hotelini kuomba. Ijumaa moja nilifuatana naye. Tulimkuta bibi wa mapokezi akiwaeleza wageni wawili kwamba alama zile ni kinga ya kale dhidi ya majini.

"Bibi," mzee akamwambia kwa upole, "hiyo ni saba. Nanyi mmeiweka ya pili."

"Mzee wangu, si ukuta tu huo? Nani anajua?"

"Mimi nnajua."

"Basi wewe usiutazame."

Tangu siku hiyo sijasikia mtu akiieleza sera yetu ya kuhifadhi mji kwa ufasaha zaidi.

Jumanne ile makaburini, tulipokuwa tunapanga viunza, zile mbao za kumfunika maiti kabla ya udongo, mwanawe akatoa ubao mmoja mkongwe, mweusi kwa mafuta ya mikono. Mzee aliusia uzikwe naye. Ukawekwa wa mwisho. Mchimba kaburi alishainua mpini wa jembe augonge. Haikuhitajika. Uliteremka wenyewe ukatulia, kama jioni yoyote ya kufunga duka.

Nilirudi nyumbani kwa kupitia hotelini. Mbao kumi zipo, zinang'aa kwa vanishi, saba bado ni ya pili, na hakuna hata mmoja unaolalamika. Ubao uliopigiliwa ukutani unakubali pahala popote. Ni mlango unaofungwa kila siku ndio unaokwambia umekosea. Mji wetu unazidi kupendeza, wasomaji wangu, na ubao wa mwisho uliokuwa ukitukatalia tumeuzika Jumanne.